Waya Mnene na Asmini ya Bi Time

Nyinyi vijana mnaopita hapa barazani kwangu na koleo zinaning'inia kiunoni, punguzeni mwendo. Nakusikieni mkibishana habari za waya wa ardhi, huyu anataka mnene, yule anasema wowote utafaa, na hakuna hata mmoja anayeniuliza mimi niliyekaa hapa hapa na kikombe changu cha kahawa. Basi nitasema bila ya kuulizwa.

Mtanisikia nikijisifu, na mtanisamehe, maana nisipojisifu mwenyewe nani atanisifu? Kutoka Malindi mpaka Vuga, hapa mjini Unguja, hakuna mtaa usiokuwa na nyumba niliyoitia waya wa ardhi kwa mikono hii. Waya huo hauwashi taa wala hauzungushi feni. Kazi yake ni kukaa kimya miaka na miaka ukingoja siku moja umeme upotee njia, ili uushike mkono na kuupeleka ardhini kabla haujamshika mtoto wa watu. Vijana hamuupendi kwa sababu haupendezi machoni. Mimi umenijengea nyumba ya mawe, na mimi niliacha skuli darasa la tatu, na hesabu za mafungu mpaka leo hatusalimiani.

Kwa ajili ya hizo hesabu ndio nikajitengenezea kipimo changu. Waya wa siku zile ulikuja na karatasi ya nambari zilizojaa nukta na sifuri, mimi nikiziangalia naona nzi tu. Basi nikachukua zile senti za zamani zenye tundu katikati, ya senti moja, ya senti tano na ya senti kumi, nikazipanua matundu kwa tupa mpaka yakakubaliana na kadi ya vipimo ya mwalimu wangu, nikazitunga kwenye uzi na kuzivaa shingoni. Waya ukinijia, naupitisha. Ukienea tundu la senti moja, huu wa taa. Ukienea la senti tano, huu wa kwenda ardhini kwenye nondo. Ukienea la senti kumi, huo ni wa wakubwa. Wenzangu waliosoma walikuwa wakinicheka, wakidhani nimevaa hirizi. Wao wanapekua kadi zao, mimi nshamaliza kazi na nakunywa madafu.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Akberali, Mhindi mwembamba aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme kwenye kichochoro nyuma ya Darajani. Masikio yake makubwa, maneno yake machache. Siku ya kwanza aliyoniachia kufunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji la chuma, niliuzungusha mara saba, nikaukaza, nikarudi nyuma kuutazama kama mtu anayetazama mchumba. Akaja akaukwaruza kwa ukucha.

"Umefunga nini na nini?"

"Waya na bomba, Fundi."

"Hapana. Umefunga waya na rangi."

Na kweli, bomba lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, nami sikuiparua. Umeme haupiti kwenye rangi, ungesimama pale ukibisha hodi mpaka kiama. Tangu siku ile naparua chuma mpaka king'are, na shaba iliyoingia kutu naisugua kwa ndimu na majivu. Wapishi wa mjini walikuwa wakiniona tu mlangoni wanapiga kelele: "Kaja bwana wa ndimu! Ficheni achari!"

Kuhusu unene, Fundi Akberali alinieleza mara moja tu, nasi tuko juu ya ngazi. Ukiuunga waya wa ardhi kwenye bomba la maji la chuma lililozikwa mtaa mzima, alisema, upime kwa waya mkubwa unaoingia nyumbani. Ule ukinenepa, na huu unenepe, kwa sababu bomba lina tumbo kubwa, litameza chochote utakacholiletea. Lakini waya unaoishia kwenye nondo ya shaba iliyopigwa ardhini, ukishaenea tundu la senti tano yako, simama hapo. Usipungue, kwa sababu kuna mbuzi, kuna watoto wanaoning'inia, kuna waashi na miko yao, na hewa yetu ya chumvi inakula kila kitu. Wala usizidi.

"Kwa nini usizidi, Fundi? Si mnene ndio mzuri?"

"Anayemeza ni udongo. Si waya."

Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Kijana akiitikia upesi namna ile, jueni hakufahamu kitu.

Nilifahamu kwa Bi Time. Ilikuwa mwaka wa hamsini na nne au hamsini na tano, sishiki vizuri. Bi Time alikuwa mjane wa Sokomuhogo, mwenye nyumba ya ghorofa mbili na sauti ya ghorofa tatu. Kaka yake alikuwa amemletea friji, jeupe, refu kuliko mimi, na Bi Time akatangaza mtaa mzima kuwa Alhamisi, siku ya harusi ya mwanawe Salma, wageni watakunywa sharbati ya baridi iliyotoka ndani ya nyumba yake mwenyewe, si ya barafu ya kununua sokoni. Fundi mmoja wa njiani akaliunga, na waya wa ardhi akaufunga kwenye msumari wa ukutani. Msumari! Bi Time akaja na mikono yake majimaji na miguu mitupu, akashika mlango wa friji.

"Lilinipiga kofi," alinihadithia. "Mimi! Ambaye hata marehemu mume wangu hakuthubutu kunyanyua kidole."

Mkaguzi wa umeme akaja, akaukata umeme wa nyumba yote, akasema haurudi mpaka pawe na waya wa ardhi wa kweli na yeye mwenyewe aupime. Hapo zimebaki siku sita. Bi Time akamfuata Fundi Akberali, naye ana kazi nyingine, akanigeukia mimi.

"Nenda peke yako," akaniambia. "Mkaguzi akiikubali kazi yako, nakupeleka ukaandikwe fundi. Akiikataa, utaendelea kunishikia ngazi."

Nilikuwa nshamshikia ngazi miaka saba. Nyumbani nna mke na mimba ya kwanza, na mama mkwe aliyekuwa akiniuliza kila Ijumaa, "Mkwe wetu, bado u mshika ngazi?" Basi nilivyokwenda Sokomuhogo siku ile nadhani miguu yangu haikugusa chini.

Bomba la maji la chuma pale halikuwapo, maji yalikuwa yakiletwa na kumiminwa kwenye birika la mawe uani. Kwa hivyo ni nondo, futi sita za shaba, inayopigwa ardhini mpaka ibaki ncha. Nikazunguka uani nikatafuta mahali. Pazuri palikuwa mahali pamoja tu, kitalu cha asmini kando ya birika, majani yake yanang'ara, udongo mweusi. Nikainua nyundo.

"We! We! We!" Bi Time alishuka ngazi nikadhani nyumba inaanguka. "Asmini ya mama yangu hiyo! Kikuba cha maua cha harusi ya Salma kinatoka hapo, na changu kilitoka hapo, na cha mama yangu kilitoka hapo. Kalitie dude lako mahali pengine."

"Bi, mahali pengine ni mawe matupu."

"Basi si ndio unataka uitwe fundi?"

Nilikwenda kwenye pembe chini ya ngazi. Mnaijua ardhi ya mjini, mawe ya pwani na kifusi cha chokaa cha nyumba zilizoanguka zamani. Nondo iliingia urefu wa mkono ikagoma. Nikapiga mpaka kichwa chake kikafunguka kama uyoga, haiendi. Sasa nakuambieni jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilichukua msumeno nikaikata. Kipande kilichobaki nikakitia ndani ya suruali, nikatoka nacho nyumba ya watu nikitembea kama mwenye jipu la pajani.

Nafsi ikanisuta, na mimi nikaituliza kwa ujinga. Nikasema, nondo fupi, basi waya tuufanye mnene. Nikaenda Darajani kwa muuza vyuma chakavu nikapata shaba nene ajabu, haikuingia hata tundu la senti kumi. Kuikunja nilihitaji goti. Nikaiteremsha ukutani kutoka kwenye mita mpaka kwenye nondo yangu kibete, nikaing'arisha kwa ndimu, inametameta kama mkufu. Mtaa mzima ulipita kuiangalia. Nami nimesimama pembeni nikisema, "Waya kama huu hamjauona Unguja hii, hamtauona."

Jumatatu mkaguzi akaja na kisanduku chake cha kupimia ardhi, cha kuzungusha kwa mkono. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani, Kiswahili chake kizuri, na upole ule ndio ulioniumiza. Akaunga nyaya zake, akazungusha, mshale ukapanda mpaka pembeni ukalala huko, na kwa chombo kile kupanda ni vibaya.

"Waya mzuri sana," akasema.

"Ahsante, bwana."

"Unakwenda wapi?"

"Ardhini, bwana."

"Haujafika." Akafunga kisanduku. "Umejenga barabara ya magari matatu mpaka kwenye mlango wa banda la kuku. Nitapita Jumatano."

Bi Time alikuwa juu dirishani, amesikia. "Mkufu huo," akaniambia, "ungemvisha mkeo ungefaa zaidi."

Mtu mwenye akili hapo angekwenda kwa mwalimu wake. Mimi nilikwenda pwani. Nilipata kusikia kwa wajanja kuwa maji ya chumvi huufanya udongo umeze umeme vizuri, na ni kweli, si uongo. Jumanne nikakodi hamali na gari lake, tukajaza madebe ya maji ya bahari Shangani, safari tano, tukaimwagia ile nondo. Hamali alivumilia mpaka safari ya nne.

"Bwana, samahani nikuulize. Hii inazaa lini?"

"Nyamaza umwage."

"Namwaga, namwaga. Nataka kujua tu kama ni mnazi au ni mwembe."

Jumatano asubuhi mkaguzi akazungusha mkono. Mshale ukateremka! Nikaanza kutabasamu. Yeye akautazama, akanitazama mimi, akachuchumaa, akachota udongo kwa ncha ya kidole akautia ulimini.

"Leo umeutia chumvi," akasema. "Mwezi ujao ukikauka, nani atautia? Bi Time?"

 Akaniambia, bado kwa upole ule ule, kuwa mtu wa kwanza atakayelishika friji lile udongo ukishakauka hatajua habari za ujanja wangu, atajua kofi tu, na kofi jengine mtu haamki tena. Kesho saa tatu angepita mara ya mwisho. Baada ya hapo ana safari ya mashamba, mpaka wiki ijayo.

Wanawake walikuwa wameshaanza kukusanyika jikoni kwa shughuli, mwaliko umeshatoka, sharbati imeshatajwa kila nyumba.  Bi Time safari hii alikaa kwenye ngazi akashika tama, na hilo lilinichoma kuliko maneno yake yote. Nikaenda Darajani nimeinamisha kichwa. Nikamweleza Fundi Akberali kila kitu, na kipande cha nondo nikakiweka mezani. Alikigeuza mkononi, akakipima kwa shibiri.

"Ulimuuliza Bi chini ya ile nyumba kuna nini?"

"Atajuaje, Fundi? Yeye si fundi."

"Kazaliwa humo," akasema, akaendelea na kazi yake. Nilipofika mlangoni akaniita, akanipa nondo mpya, nzima.

Nikarudi. Nikakaa kitako chini ya ngazi miguuni pa Bi Time, sikusimama kama fundi.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuuliza, si kukufundisha. Uani hapa palikuwa na nini zamani?"

Akanitazama kama anayedhani nina homa. Halafu akaanza, na nakuapieni, kama ningemuuliza siku ya kwanza ningemaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Hapa palikuwa na banda la punda, akasema. Pale palikuwa na jiko la kuni. Na pale kwenye asmini, palikuwa na kisima cha bibi yake. Kisima kilipoharibika maji, mama yake alikifukia kwa udongo wa shamba, magari kumi na mawili ya punda, akapanda asmini juu yake. "Ndio maana haifi," akasema. "Na maji yote ya udhu ya nyumba hii yanatiririkia hapo, mara tano kwa siku, tangu sijazaliwa."

Nilisimama nikakaa tena. Kisima kizima cha udongo mweusi, kina cha watu watatu, kinanyweshwa mara tano kwa siku na watu wasiosahau! Mafundi wa dunia nzima wanatafuta ardhi kama hiyo kwa kurunzi.

"Bi Time," nikasema, "nipe nafasi ya upana wa kidole gumba. Nitaondoa mizizi kwa mikono, mmoja mmoja. Likinyauka jani moja, nifungie mlango wako maisha."

"Likinyauka jani moja," akasema, "nitakupanda wewe hapo."

Nikaweka nyundo mbali, nikapiga magoti. Nilichimbua kwa vidole kama mtu anayetafuta pete, kila mzizi nikiusogeza pembeni, naye amesimama juu yangu na kipepeo cha ukili, ananipepea mimi au anaipepea asmini sikujua. "Huo acha. Huo pia acha. Pole pole, mwana wee, hao ni wazee wako." Nilipoona tundu limenyooka, nikasimamisha nondo, nikaipiga pigo moja dogo.

Iliingia shibiri nzima. Nikapiga tena, shibiri nyingine. Jamani, ilizama kama kisu kwenye halua! Wanawake wa jikoni wakatoka, wengine wakajaa madirishani, na kila pigo wakaanza kupiga vigelegele, mpaka majirani wakadhani bwana harusi kafika kabla ya siku. Futi sita zote, ikabaki ncha. Waya ule wa mkufu nikauvua wote, nikaweka unaoenea tundu la senti tano, barabara, bila ya kupungua wala kuzidi, nikaubana kwenye nondo kwa kibanio cha shaba. Halafu nikafunika udongo, na Bi Time mwenyewe akamwagia kata moja ya maji.

Alhamisi saa tatu mkaguzi akaingia. Jambo la kwanza akatazama ukutani.

"Ule waya wa kufungia meli uko wapi?"

"Nimeurudisha, bwana."

"Kwa nini? Si ulikuwa fahari ya mtaa?"

"Haukuwa na faida. Nondo moja haiwezi kumeza zaidi ya udongo wake. Waya huu unatosha kuufikisha umeme."

Akanitazama juu ya miwani yake. Akaunga nyaya, akazungusha. Mshale ukateremka taratibu, ukapita ulipokuwa umefika siku ya chumvi, ukaendelea kuteremka. Akachuchumaa akautia udongo ulimini, nami nikamwacha. Akatema, akacheka, akaandika kwenye karatasi yake, akatia sahihi, akaniuliza jina langu kamili na la baba yangu. Hakuna mtu aliyepata kuniuliza jina langu kwa kalamu mkononi, isipokuwa kadhi siku niliyooa.

Akanyanyua swichi kubwa. Taa za uani zikawaka mchana ule, wanawake wakashangilia, na friji likaanza kunguruma. Salma, bibi harusi, alikuwa akichungulia mlangoni na hina mikononi. Mimi nakusanya zana zangu nitoke kwa heshima.

"Unakwenda wapi?" Bi Time akauliza.

"Kazi imekwisha, Bi."

"Imekwishaje na hakuna aliyeligusa?"

"Bwana mkaguzi keshapima."

"Yeye amepima na chombo chake. Mimi nlipigwa na mkono wangu." Akaashiria. "Vua viatu."

Nikavua. Akachukua kata ya maji akanimwagia miguu, halafu mikono. Wanawake thelathini wamejaa jikoni na uani, na mkaguzi naye hakuondoka, amekunja mikono anangoja. Nikatembea juu ya sakafu yenye maji mpaka mbele ya friji. Nilijua nilichokifanya. Niliijua nondo ile ilipofika. Lakini nakuambieni kweli, vijana, nilipiga shahada kimoyomoyo kwanza, na ndipo nilipojua kazi yetu hii ni ya nini. Nikaweka viganja vyote viwili.

Hakuna kitu. Chuma tu, na mtetemo mdogo kama paka aliyeshiba.

"Bandika na shavu," Bi Time akasema.

Nikabandika shavu. Vigelegele vilipanda mpaka nadhani vilisikika Darajani, na mkaguzi akaondoka anacheka peke yake. Mimi nimebaki pale, nimelikumbatia friji la watu, macho nimefumba, nasikia raha isiyosemeka.

"Haya basi, Fundi," akasema Bi Time, na alikuwa wa kwanza mjini humu kuniita hivyo, "toka sasa, utanichafulia friji langu kwa jasho."